Evangelion Imesifiwa Kupita Kiasi? Tenganisha Sifa Kwanza

Kijana anayeanza kuzama katika anime hakawii kuambiwa kwamba hajaona kitu mpaka atazame Neon Genesis Evangelion. Ataambiwa hicho ndicho kilele, kwamba ndiyo kazi iliyobadilisha kila kitu, na kwamba asiyeielewa mara ya kwanza hana budi kuirudia. Basi ataitafuta, ataimaliza, na mara nyingi litamtokea moja kati ya mawili: ama atajiunga na wasifiaji kwa kuogopa kuonekana hakuelewa, ama atasema wazi kwamba ametapeliwa. Ubishi wa kama mfululizo huu umesifiwa kupita kiasi una karibu miaka 30 sasa, na haujaisha kwa sababu swali lenyewe huulizwa kwa jumla mno. Evangelion haina sifa moja. Ina sifa za namna tatu zilizofungwa katika furushi moja: inasifiwa kama fumbo lenye kina cha dini na falsafa, inasifiwa kama kazi iliyogeuza historia ya anime, na inasifiwa kama hadithi ya watu waliojeruhiwa moyoni. Sifa ya kwanza imezidi. Ya pili ni ya kweli, ila haimfai sana mtazamaji wa leo. Ya tatu inastahili, na ajabu ni kwamba mara nyingi ndiyo inayotajwa mwisho. Ushauri wangu ni kwamba ulifungue furushi hilo kabla hujaamua kutoa saa kumi hivi za maisha yako, pamoja na bando lake.

Tuanze na kazi yenyewe. Sehemu zake 26 zilirushwa na TV Tokyo kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi 27 Machi 1996. Ilitengenezwa na studio ya Gainax chini ya mwongozaji Hideaki Anno, sura za wahusika zikabuniwa na Yoshiyuki Sadamoto, na muziki ukatungwa na Shiro Sagisu. Hadithi inatokea mwaka 2015, miaka 15 baada ya maafa yaliyoanzia Antaktika na kuua nusu ya wanadamu. Viumbe vikubwa viitwavyo Malaika vinaushambulia mji wa Tokyo-3, na silaha ya kuvikabili ni majitu yaitwayo Eva, yanayoendeshwa na watoto wa miaka 14. Shinji Ikari anaitwa na baba yake, Gendo, mkuu wa shirika la NERV. Baba huyo alimwacha alelewe na watu wengine, na sasa hakumwita kwa kumkumbuka. Anahitaji mtu wa kuliendesha jitu. Nusu ya kwanza inakwenda kama hadithi nyingi za aina hii: adui anakuja, mbinu inapatikana, adui anaanguka. Nusu ya pili inageuka, inaingia vichwani mwa wahusika, na haitoki tena humo.

Sifa ya kwanza, ile ya fumbo, ndiyo inayowavuta wengi na ndiyo inayowaangusha. Evangelion imejaa alama za dini. Milipuko hupanda angani kwa umbo la msalaba. Chini ya makao ya NERV kuna kiumbe kilichosulubiwa. Kuna Adamu, kuna Lilith, kuna Mkuki wa Longinus, kuna magombo ya Bahari ya Chumvi ambayo kundi la siri liitwalo SEELE linayafuata kama ratiba. Mchoro wa Mti wa Uzima wa Kabbala unaonekana katika utangulizi wa kila sehemu na juu ya dari ya ofisi ya Gendo. Mtazamaji aliyelelewa na Biblia au Kurani hawezi kuziona alama hizi bila kushtuka. Kwake malaika na msalaba si mapambo, kwa hiyo anatega sikio akingoja ujumbe. Ujumbe hauji. Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji, aliwahi kueleza hadharani kwamba hakuna maana ya Kikristo iliyokusudiwa. Anime za majitu zilikuwa nyingi Japani, wao wakataka yao ionekane tofauti, na kwa kuwa Ukristo ni dini ya wachache nchini humo, alama zake zilionekana ngeni na za kupendeza macho.

Mtetezi wa fumbo atajibu kwamba maana haimilikiwi na mtunzi, na kwamba alama inaweza kusema zaidi ya alichokusudia aliyeiweka. Hoja hiyo ni nzuri na ina ukweli, ila lazima ipimwe kwa kinachotokea kwenye kioo. Kipimo chepesi ni hiki: ondoa alama, kisha uangalie kama kuna uamuzi wowote wa mhusika utakaobadilika. Kiite kile kiumbe cha chini ya ardhi jina lolote badala ya Lilith, na Gendo ataendelea kukitaka kwa sababu ileile, yaani kukutana tena na mkewe aliyempoteza. Fanya msalaba wa moto uwe duara, na hakuna atakayefanya jambo tofauti. Alama ambayo ikiondolewa hakipungui kitu ila rangi, hiyo ni rangi. Haina ubaya, kwa kuwa ni rangi nzuri kweli na inawapa Malaika utisho ambao dude la kawaida lisingekuwa nao. Lakini aliyetumia wiki nzima kuchora ramani ya uhusiano wa Adamu na Lilith, akitumaini kufika kwenye siri kuu, amechimba kisima mahali pasipo na maji.

Kinachothibitisha hoja hii ni kwamba humohumo ndani ya Evangelion kuna alama zinazofanya kazi, na hizo hazitoki katika kitabu chochote kitakatifu. Uwanja wa AT ni mfano bora. Mwanzoni ni ngao isiyoonekana inayowazingira Malaika na kuzuia mabomu, jambo la kawaida la hadithi za vita. Katika sehemu za mwanzo pia, mwanasayansi Ritsuko anamweleza Misato, mkubwa wa Shinji kazini, kisa cha nungunungu wanaotaka kusogeleana wapate joto, lakini kila wakikaribiana wanachomana kwa miiba. Mambo haya mawili yanakwenda sambamba bila kugusana hadi sehemu ya 24, pale kijana Kaworu anapomwambia Shinji kwamba Uwanja wa AT ni ukuta wa moyo ambao kila mtu anao. Ghafla vita vyote vilivyotangulia vinapata sura mpya: kuvunja ngao ya adui na kuvunja ukuta wa mwenzako ni tendo moja, na katika yote mawili kuna anayeumia. Alama hii ukiiondoa, hadithi inaporomoka. Huo ndio ufundi wa ishara, na mtazamaji aliyeziba macho kwa magombo ya Bahari ya Chumvi anaweza kupitwa nao kabisa.

Sifa ya pili ni ya kihistoria, na hapa inabidi kutoa haki pande zote mbili. Evangelion ilipata tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi ya Japani, Nihon SF Taisho, mwaka 1997. Iliposhika umaarufu, ilisaidia kuonyesha kwamba anime inayowalenga watu wazima inaweza kulipa, na miaka iliyofuata anime za usiku wa manane zikaongezeka. Rei Ayanami, msichana mkimya asiyeonyesha hisia, aliigwa mara nyingi hadi akawa aina ya mhusika inayojitegemea. RahXephon ya mwaka 2002 haiwezi kutajwa bila kulinganishwa nayo, na Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, inayochukua hadithi ya watoto na kuipasua kuonyesha gharama yake, inatembea katika njia ambayo Evangelion iliipanua. Wanaodai kwamba haikuleta kitu wanakosea.

Wanaodai kwamba ilianzisha kila kitu nao wanakosea. Mobile Suit Gundam, iliyoanza mwaka 1979, tayari ilikuwa na Amuro Ray, kijana anayechoshwa na vita, anayegoma kuendesha mashine yake, na ambaye baba yake aliibuni mashine hiyo. Space Runaway Ideon ya mwaka 1980 iliishia katika filamu ya mwaka 1982 ambamo karibu kila mtu anakufa na roho zinakusanyika angani. Ukiitazama utaelewa Anno alisimama juu ya bega la nani. Devilman ya Go Nagai, katuni ya kitabuni ya miaka ya 1972 na 1973, ilikwisha kumaliza dunia kwa ukatili wa kutisha kabla ya wengi wa mashabiki wa Evangelion kuzaliwa. Hata hivyo, jambo lenye uzito zaidi kwako ni jingine. Hadhi ya kihistoria ni deni la wasanii waliokuja baadaye, si deni lako wewe mtazamaji. Kama umekwisha kutazama kazi nyingi zilizojifunza kutoka Evangelion, sehemu ya mshangao wake umeshaula bila kujua, na hakuna anayeweza kukurudishia. Iheshimu kwa historia yake, lakini usiitazame kwa sababu hiyo peke yake, maana heshima haimfanyi mtu asisinzie.

Kuna wanaosema kwamba ladha halisi ya Evangelion waliipata Wajapani wa wakati ule tu. Ni kweli mwaka 1995 ulikuwa mzito kwao. Tarehe 17 Januari tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe na kuua zaidi ya watu 6,000. Tarehe 20 Machi wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walimwaga sumu ya sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo. Uchumi uliokuwa umevimba miaka ya 1980 ulikuwa umekwisha kupasuka, na vijana walikuwa wakiingia katika nchi isiyowaahidi kazi waliyoizoea baba zao. Mfululizo unaohusu mji unaojificha chini ya ardhi na watu wazima wenye mipango ya siri ulifika kwa watazamaji waliokuwa tayari wameshtuka. Hayo yanaeleza ni kwa nini ulipokelewa kwa kishindo, lakini hayaelezi ni kwa nini unaendelea kutazamwa na watu ambao hawakuwapo na hawajafika Japani. Baba anayemkumbuka mwanawe siku anapomhitaji tu si habari ya Tokyo peke yake. Anaeleweka Tanga, Kisumu na Bujumbura bila mkalimani wa historia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sifa ya tatu, inayostahili. Shinji hapigani kwa ajili ya dunia. Katika sehemu ya kwanza anakataa kuingia ndani ya Eva, na anakubali pale tu anapoona kwamba atakayeingizwa badala yake ni Rei, aliyeletwa kitandani akiwa na bandeji na damu. Baadaye anatoroka na kurudi. Katika sehemu ya 12 baba yake anampongeza kwa maneno machache, na kuanzia hapo tunajua kinachomwendesha: anataka kusifiwa na mtu mmoja. Katika sehemu ya 16 alama zake za mazoezi zinampita rubani mwenzake Asuka, kichwa kinavimba, anatangulia mbele kwa majigambo, na kivuli cha Malaika kinammeza. Katika hadithi nyingine pongezi ya baba ingekuwa zawadi ya mwishoni. Hapa inakuja katikati na inageuka mtego, kwa kuwa aliyeshiba sifa leo ana njaa kali zaidi kesho. Ni hadithi chache sana, za kuchora au za kuigiza, zilizoitazama njaa hiyo bila kuipamba.

Na jeraha hilo si la Shinji peke yake. Asuka Langley Soryu anafika katika sehemu ya 8 akiwa na majivuno ya kuchekesha, na hadi sehemu ya 22 hatujaonyeshwa wazi yanakotoka. Mama yake alirukwa na akili, akawa anamlea mwanasesere akidhani ndiye bintiye, na Asuka alimkuta amejinyonga siku ileile aliyokwenda kumpa habari kwamba amechaguliwa kuwa rubani. Misato, mkubwa wa kazi anayewachekesha wote kwa bia na nyumba isiyofagiwa, aliokolewa kwenye maafa ya Antaktika na baba aliyekuwa akimchukia, na tangu siku hiyo hajui amlilie au aendelee kumchukia. Ritsuko amerithi kompyuta za mama yake, kazi ya mama yake, hata mwanamume wa mama yake. Gendo mwenyewe, anayeonekana kuwa jiwe, anaiweka dunia nzima rehani ili amwone mkewe tena. Hakuna mhusika aliyewekwa ili kujaza nafasi. Kila mmoja ni jibu tofauti kwa swali moja: mtu aliyekosa kupendwa alipokuwa mdogo hufanya nini akipewa madaraka?

Ufundi wa picha na sauti unaibeba hadithi hiyo. Eva si mashine safi. Zinanguruma, zinavuja damu, na katika sehemu ya 19 moja inamla adui yake huku watu wa NERV wakitazama kwa kichefuchefu. Zimefungwa waya mrefu wa umeme mgongoni, na waya ukikatika zinabaki na dakika tano tu, hivyo kila pambano lina saa inayorudi nyuma. Rubani anakaa ndani ya maji kama mtoto tumboni, na tunapofahamu kwamba ndani ya jitu la Shinji imo roho ya mama yake, waya ule na maji yale vinajieleza vyenyewe. Katika sehemu ya 9 Shinji na Asuka wanapambana kwa sekunde 62 kwa kufuata muziki, hatua kwa hatua, kama wacheza dansi. Kisha kuna ukimya. Katika sehemu ya 22 Asuka na Rei wanasimama ndani ya lifti karibu dakika nzima bila neno. Katika sehemu ya 24 jitu limemshika Kaworu mkononi, picha haisogei, Simfoni ya Tisa ya Beethoven inaendelea, nasi tunangoja pamoja na Shinji uamuzi ambao hataki kuufanya. Mtu anaweza kusema picha isiyosogea ni njia ya kubana matumizi, na huenda ni kweli, lakini wengi wamebana matumizi bila kumfanya mtazamaji ashike pumzi.

Sasa tuzikabili lawama, kwa sababu anayetetea bila kuzikabili ni shabiki tu, na wahenga walishasema ukipenda, chongo huita kengeza. Lawama kubwa ni ya mwisho wake. Sehemu za 25 na 26 zinaacha vita, njama na SEELE, na kumweka Shinji kwenye kiti akihojiwa ndani ya akili yake, kwa michoro ya penseli, picha za kawaida na maandishi, hadi wenzake wanapomzunguka na kumpigia makofi. Ratiba ya utengenezaji ilikuwa imebana vibaya, na inaonekana. Watetezi husema mwisho huo ni wa kishujaa kwa kuwa unatupa mbali majitu na kubaki na moyo. Wazo nalikubali: hadithi ya njaa ya sifa ilipaswa kuishia ndani ya mwenye njaa. Lakini wazo zuri halifuti deni. Mtunzi aliyetumia sehemu 24 kutufanya tumjali Asuka, kisha akamwacha kitandani bila kutuambia yaliyomkuta, hajamaliza kazi. Ndiyo maana filamu ya The End of Evangelion ilitolewa Julai 1997, ikionyesha kilichokuwa kikitokea nje ya kichwa cha Shinji. Anayehukumu kwa haki aseme hivi: mfululizo peke yake una mwisho uliovunjika, na filamu inaunganisha sehemu kubwa ya kilichovunjika, kwa ukatili ambao si kila mtu atauvumilia.

Lawama ya pili ni kwamba Shinji analialia. Hii ni nyepesi. Ana miaka 14, amewekwa ndani ya dude linalomuumiza mwili kila linapojeruhiwa, na katika sehemu ya 18 jitu lake linatumiwa kumponda rafiki yake kinyume cha mapenzi yake. Asiyelia hapo ndiye angehitaji maelezo. Lililo na nguvu zaidi ni kwamba kuanzia sehemu ya 20 maswali yake yanajirudia karibu kwa maneno yaleyale, na kujirudia huko kunachosha hata anayemhurumia. Lawama ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na mashabiki huipita haraka: kamera ya Evangelion mara kwa mara huwatazama wasichana hawa wadogo kwa namna ambayo hadithi haiihitaji. Kuna wanaosema mfululizo unamkosoa mtazamaji anayefurahia picha hizo. Pengine kuna mahali unafanya hivyo, lakini mahali pengi unafanya biashara tu, na hakuna sababu ya kuutafutia udhuru.

Kutokana na hayo, ushauri wa kwanza ni kwa wazazi na walezi. Nyumbani kwetu kitu kilichochorwa bado huhesabiwa kuwa cha watoto, na majitu ya rangi yaliyoko kwenye picha ya tangazo yanaweza kukudanganya. Evangelion ina kujiua, ukatili wa damu, mambo ya unyumba na huzuni ya muda mrefu. Si ya mtoto wa shule ya msingi, na kijana wa sekondari akiitazama ni vyema awepo mtu mzima wa kuzungumza naye. Hata mtu mzima aliye katika kipindi kizito cha moyo aipishe kwanza. Anno mwenyewe aliingia katika kazi hii akitoka katika miaka ya msongo baada ya mfululizo wake uliotangulia, Nadia, na uzito huo unahisika. Kwa mwingine unaweza kuwa faraja ya kuona hayuko peke yake. Kwa mwingine unaweza kuwa mzigo juu ya mzigo.

Ukiamua kuitazama, usisome ufafanuzi wala kutazama video za kuchambua alama kabla hujamaliza. Zitakufundisha kutafuta kisichokuwepo. Anza na sehemu sita za kwanza, zinazoishia kwa pambano kamili lenye mwanzo na mwisho. Kama hukuvutiwa na Shinji wala Misato, jipe hadi sehemu ya 9, Asuka akiwa ameshafika. Kama bado hakuna kinachokushika, acha kwa amani. Nusu ya pili inategemea kuwajali watu hawa, na hakuna fumbo litakaloziba pengo hilo. Ukiendelea, punguza mwendo kuanzia sehemu ya 16: sehemu mbili kwa siku zinatosha, kwa sababu uzito wake hauwezi kumezwa kwa usiku mmoja. Tazama sehemu za 25 na 26 jinsi zilivyo, kisha The End of Evangelion, ndipo useme umeimaliza. Filamu ya Death & Rebirth ya Machi 1997 unaweza kuiruka, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni marudio. Filamu nne mpya, zilizotolewa kati ya mwaka 2007 na 2021, ziache baadaye, wala usizifanye njia ya mkato, maana zinajua kwamba unaifahamu hadithi ya kwanza na mara nyingi zinazungumza nayo.

Filamu hizo, kwa kweli, ndizo ushahidi mzito zaidi wa hoja yangu. Anno alipata nafasi ya kuusimulia tena mwisho wake akiwa na umri mkubwa, fedha za kutosha na studio yake mwenyewe, Khara. Kama moyo wa Evangelion ungekuwa katika Adamu na Lilith, hapo ndipo angelifumbua fumbo. Badala yake filamu ya mwisho, iliyoingiza zaidi ya yeni bilioni 10 Japani mwaka 2021, inatumia muda mrefu katika kijiji cha walionusurika, ambako watu wanapanda mpunga, wanalea watoto na kumngoja Shinji apone bila kumsukuma. Vita vya kilele kati ya baba na mwana vinaonekana havina mshindi, mpaka wote wawili wanapoweka silaha chini na baba anaanza kueleza aliogopa nini maisha yake yote. Alama ni zilezile, pengine zimeongezeka, na hakuna anayesubiri maelezo yake. Kilichosubiriwa kwa miaka 25 yalikuwa mazungumzo hayo.

Basi ukiulizwa kama Evangelion imesifiwa kupita kiasi, usijibu ndiyo wala hapana kabla hujauliza: imesifiwa kwa lipi? Kama fumbo la dini na falsafa, imesifiwa mno, na wanaokutisha kwamba hukuielewa mara nyingi wanalinda muda walioupoteza. Kama tukio la historia, imepata haki yake, mradi wakubwa zake wasisahauliwe. Kama hadithi ya watu wanaotaka kupendwa na hawajui waombe vipi, bado haijasifiwa ipasavyo. Itazame kwa sababu hiyo ya mwisho. Isipokugusa, sema hivyo waziwazi na uendelee na anime nyingine. Hakuna mfululizo duniani ambao mtu mzima analazimika kuupenda.